Chifu rezidenti: daktari anayeshika usukani wa zamu wodini



Katika ziara zetu za miradi kata ya Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, kuna swali ambalo tumeulizwa mara nyingi na wakulima wa mananasi na familia zao: mgonjwa wetu akishapewa rufaa kwenda hospitali kubwa, ni nani hasa mwenye dhamana naye usiku? Madaktari ni wengi, wote wamevaa koti jeupe, na kila anayepita anauliza maswali yale yale. Katika toleo hili tumeona tueleze kazi ya mtu mmoja ambaye wananchi wengi hawamfahamu, ingawa utulivu wa wodi unamtegemea sana. Mtu huyo ni kiongozi wa madaktari wanaosomea ubingwa, ambaye wodini wamezoea kumwita chifu rezidenti.

Tukio lililotufundisha

Miaka kadhaa iliyopita tuliisindikiza familia moja ya Kiwangwa hadi hospitali moja kubwa, ambayo hatutaitaja. Mzee wao alikuwa amezidiwa na kisukari. Alipokelewa jioni, akaanzishiwa insulini kwa dripu, na daktari aliyempokea akaelekeza kwamba sukari ipimwe kila saa. Daktari huyo alimaliza zamu yake akaondoka. Maelekezo yale hayakumfikia aliyepokea zamu. Karibu na alfajiri binti wa mzee aliona baba yake anatokwa jasho jingi na haitikii anapoitwa. Alikimbia kumwita nesi. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Alichomwa glukosi, na baada ya muda mfupi akafumbua macho na kuuliza yuko wapi.

Asubuhi familia ilitaka maelezo. Tulielekezwa kwa daktari mmoja kijana, mwanamke, ambaye alionekana hakulala. Kaka wa mgonjwa alimwambia, "Daktari, hatukuja kugombana. Tunataka kujua tu, usiku ule mzee wetu alikuwa wa nani?" Daktari alikaa chini, akasikiliza hadi mwisho, kisha akajibu, "Mzee wangu, alikuwa wetu sote, na ndilo lilikuwa kosa. Ilitakiwa awe na mmoja anayemjua." Hakumtupia lawama nesi wala mwenzake. Tuliporudi kumjulia hali mgonjwa baada ya siku tatu, tulikuta madaktari wa zamu mbili wakipita pamoja kitanda hadi kitanda, wanakabidhiana wagonjwa kwa orodha iliyoandikwa. Yule kijana ndiye aliyekuwa chifu rezidenti wa idara.

Rezidenti ni nani?

Neno lenyewe lina maana ya mkaazi. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mwaka 1889 huko Baltimore, Marekani, mkuu wake wa tiba, William Osler, alisaidia kujenga utaratibu wa madaktari vijana kuishi hospitalini na kujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa. Siku hizi wengi hulala majumbani mwao, lakini jina limebaki.

Majina hutofautiana kwa nchi. Kenya daktari huyu huitwa rejistra, na Uganda wamezoea herufi tatu, SHO. Hapa Tanzania tukisema rejistra tunamaanisha mara nyingi daktari mwenye shahada ya kwanza aliyeajiriwa na hospitali, hivyo msomaji asichanganye.

Idara ya magonjwa ya ndani, kwa upande wake, haifanyi upasuaji. Inashughulika na watu wazima wenye shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo, figo, ini na mapafu, kifua kikuu, UKIMWI na malaria kali. Ni wagonjwa ambao hali yao hubadilika saa kwa saa, na mara nyingi mtu mmoja ana magonjwa matatu kwa pamoja. Kwa sababu hiyo makabidhiano ya zamu yana uzito mkubwa kuliko mtu wa nje anavyoweza kudhani.

Safari ya miaka tisa

Ili mtu afikie nafasi hii, hupita ngazi zifuatazo:

1. Kidato cha sita, kwa kawaida mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia.
2. Shahada ya kwanza ya udaktari, miaka 5.
3. Utarajali, yaani mwaka 1 wa kazi hospitalini chini ya usimamizi, na baada ya hapo usajili kamili.
4. Shahada ya uzamili ya tiba, ambayo wengi huiita kwa kifupi MMed, miaka 3 au 4 kutegemea chuo. Humo hufanya kazi wodini, hufundisha wadogo zake, hufanya utafiti na kuandika tasnifu.

Ukijumlisha 5 na 1 na 3 unapata miaka 9 kwa uchache, na wengi hupitisha miaka kadhaa kazini wilayani kabla ya kurudi masomoni. Kwa hiyo rezidenti unayemwona wodini si mwanafunzi wa kujifunzia kwa mgonjwa wako. Ni daktari kamili, aliyesajiliwa, na wengi wao wana wake au waume na watoto nyumbani.

Anapatikanaje?

Kazi hii haitangazwi gazetini. Katika hospitali nyingine wenzake humpendekeza, na kwingine mkuu wa idara humteua baada ya kushauriana na walimu. Kwetu kwa kawaida hutoka miongoni mwa walio mwaka wa mwisho, hivyo anaongoza huku tasnifu na mitihani vikimsubiri. Marekani, katika magonjwa ya ndani, mara nyingi humaliza kwanza miaka yake 3 ya mafunzo, kisha huongezewa mwaka mmoja wa uongozi.

Tumezungumza na madaktari waliowahi kuishika nafasi hii, na wote wamesema jambo moja: anayechaguliwa si lazima awe wa kwanza darasani. Hutazamwa kama anafika kwa wakati, kama manesi wanamwamini, kama anaweza kumwambia mwenzake ukweli bila kumwaibisha, na kama akikosea anasema. Daktari hodari mwenye hasira za haraka huweza kuwa bingwa mzuri wa maradhi, lakini wodi ikamshinda.

Kazi zake za kila siku

Watu wa Pwani tunao mfano unaofaa. Jahazi lina nahodha, na chini yake lipo jukumu la serahangi. Nahodha anajua njia, lakini serahangi ndiye anayesimama kati yake na mabaharia. Anajua nani amechoka, kamba ipi imelegea na tanga lipi lishushwe kwanza. Katika idara, nahodha ni mkuu wa idara pamoja na mabingwa. Chifu rezidenti ndiye serahangi.

Kazi yake ya kwanza ni kupanga zamu. Inaonekana ndogo, hivyo tutoe mfano wa hesabu. Tuseme idara ina marezidenti 12, na kila usiku wanatakiwa 2. Mwezi wa siku 30 una nafasi 60 za zamu, kila mmoja anapata 5. Mmoja akiugua na mwingine akienda likizo ya uzazi, wanabaki 10, na kila mmoja anabeba 6. Nani aongezwe Jumamosi? Nani ana mtihani wiki ijayo? Nani alikesha Krismasi au Idi iliyopita? Zamu ikipangwa kwa upendeleo manung'uniko huanza, na pakiwa na manung'uniko mtu huanza kuchelewa, na anayelipia kuchelewa huko ni mgonjwa.

Kazi ya pili ni taarifa ya asubuhi. Daktari aliyekesha anaeleza waliolazwa, waliozidiwa na waliofariki. Chifu rezidenti anaongoza kikao ili kiwe mahali pa kujifunza. Aliyekesha akigeuziwa kikao kuwa baraza la kushtakiwa, kesho ataficha.

Kazi ya tatu ni kufundisha. Wanafunzi wa udaktari na madaktari watarajali hujifunza mengi zaidi kwa marezidenti kuliko kwa maprofesa, kwa sababu ndio walio nao saa nane za usiku.

Kazi ya nne ni kuwa kiungo. Maabara ikichelewesha majibu, kitanda kikikosekana, nesi na mtarajali wakikwaruzana, ndugu wakilalamika, yote hufika kwake. Aidha, hupeleka juu matatizo ya wenzake na kuteremsha chini maagizo ya wakubwa, na pande zote mbili humwona yu upande wa pili.

Kazi ya tano ni kuandaa kikao cha kujadili vifo. Hapa huulizwa nini kilitokea, na nini kibadilishwe ili kisitokee tena. Katika tukio la mzee wetu hapakuwa na kifo, ashukuriwe binti aliyekuwa macho, lakini swali lililoulizwa ni lile lile, na jibu lake ndiyo ile orodha ya makabidhiano.

Changamoto

Ni nafasi yenye dhamana kubwa na mamlaka madogo. Chifu rezidenti hawezi kumfukuza mtu wala kumpandisha cheo. Anao ushawishi tu. Juzi mlikuwa mnakula pamoja kantini, leo unampangia zamu ya Pasaka. Wengi hupungukiwa usingizi, na tasnifu huchelewa. Wapo waliotueleza kwamba wake au waume zao ndio walioumia zaidi mwaka ule. Walimu wenye hekima huwapunguzia zamu za wodini ili wapate nafasi ya kuongoza, lakini palipo na upungufu wa watu nafuu hiyo hukosekana.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Kiwangwa

Kwanza, mafunzo haya yana mizizi katika Pwani yetu. Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa fedha zilizojenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya wananchi, nayo ndiyo iliyotangulia Muhimbili ya leo. Jina lake lingalipo kwenye jengo mojawapo la wodi hapo. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na tangu mwaka 2007 inajulikana kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Pili, makanisa nayo yamebeba sehemu. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, ni matunda ya ushirikiano wa makanisa, likiwemo la Kilutheri, na Serikali. Chuo chake cha udaktari kilianza mwaka 1997, na mabingwa waliosomea pale wanafanya kazi mikoa mingi.

Tatu, bingwa haishii Muhimbili. Mwaka 2024 Serikali ilianza kupeleka kambi za madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri. Bingwa akifika mahali ambapo yuko peke yake na madaktari wachache, ujuzi wa kupanga zamu, kukabidhi wagonjwa na kujadili makosa bila kulaumiana utahitajika sawa na ujuzi wa kusikiliza moyo. Mwaka wa uchifu rezidenti ndiko unakojifunzwa.

Tunaweza kufanya nini?

- Mgonjwa akipewa rufaa, beba barua ya rufaa, kadi ya kliniki na dawa zote anazotumia, hata za asili. Usiache kitu nyumbani kwa kuona aibu.
- Akishalazwa, uliza kwa heshima: daktari wa zamu ni nani, na zamu inabadilika saa ngapi? Liandike jibu.
- Ukiambiwa jambo muhimu, kwa mfano kwamba kipimo fulani kirudiwe, lirudie kwa nesi na kwa daktari wa zamu inayofuata. Huko si kumfundisha kazi.
- Ukiwa na malalamiko, anza na nesi msimamizi wa wodi, kisha omba kumwona chifu rezidenti. Mengi huishia hapo. Yasipoishia, nenda kwa uongozi wa hospitali.
- Mzazi mwenye mtoto anayependa sayansi, mtie moyo. Miaka 9 ni mingi, lakini nasi tunaolima tunajua kwamba nanasi halikui kwa siku moja.

Hitimisho

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wodi kubwa ina madaktari wengi, na hiyo ni neema. Lakini lazima awepo mmoja anayehakikisha kwamba kila mgonjwa, kila usiku, ana daktari anayejua jina lake na kilichoelekezwa juu yake. Mzee wetu alirudi Kiwangwa na anaendelea na kliniki. Binti yake ametuambia kwamba sasa, kila anapompeleka baba hospitali, hubeba daftari dogo na kalamu. Tunawashauri wasomaji wetu wafanye vivyo hivyo.