Mianzi Bustanini: Stara Yetu Isiwe Dhara kwa Jirani

Asubuhi moja ya masika, jirani yetu, mama mtu mzima anayeheshimiwa na mtaa mzima, alibisha hodi mlangoni kwetu mjini Arusha akiwa ameshika chipukizi la mwanzi lenye urefu wa dhiraa moja. Baada ya salamu alisema kwa upole: "Wanangu, huyu mgeni wenu amepita chini ya ukuta, akaingia kwenye tuta langu la mchicha. Nimemrudisha kwenu." Tulicheka pamoja naye. Lakini tulipokwenda kutazama, kicheko kilitutoka. Machipukizi mengine yalikuwa yamechomoza kando ya kisima chake na kuanza kuinua matofali ya njia anayopita kila siku kuchota maji ya udhu.

Mianzi ile tuliipanda wenyewe, miaka minne kabla ya siku hiyo. Tulitaka stara: ua wa kijani utakaowakinga watu wa nyumba na macho ya wapita njia. Muuza miche alitusifia kasi ya mmea ule. Hatukumuuliza kasi hiyo inaelekea wapi.

Wengi huudhania mwanzi kuwa mti, ilhali ni jamii moja na nyasi, mahindi na miwa. Kinachoonekana juu ni sehemu tu ya mmea. Chini ya udongo kuna mashina mengine yanayolala, yenye mafundo na macho, na kila jicho laweza kutoa chipukizi. Chipukizi likishachomoza halinenepi tena. Hurefuka tu, na hufikia kimo chake chote katika muda wa miezi miwili hivi. Ndiyo maana mwenye bustani akisafiri wakati wa mvua, akirudi hukuta msitu.

Mianzi iko ya namna mbili, na kutozitofautisha ndiko kulikotuponza. Namna ya kwanza hujikusanya: mashina yake ya chini ni mafupi, na kichaka hupanuka polepole kikiwa pale pale. Mwanzi wa njano wenye michirizi ya kijani, unaoonekana katika bustani nyingi za miji yetu, ni wa kundi hili. Namna ya pili hutambaa: mashina yake ya chini husafiri mbali, yakipita chini ya uzio na kupenya penye ufa. Mingi ya namna hii asili yake ni China. Mmoja unaopandwa sana kuwa pambo, kwa lugha ya wataalamu Phyllostachys aurea, hutambulikana kwa alama mbili: kila fundo lenye matawi hutoa matawi mawili, moja nene kuliko jingine, na pingili iliyo juu ya matawi hayo ina mfereji upande mmoja. Msomaji na aziangalie alama hizo kabla ya kulipia mche.

Anayetaka stara bila mgogoro, tunamshauri apande mwanzi unaojikusanya, tena mbali na ukuta, kwa kuwa nao hukua mkubwa. Aliyekwisha kupanda unaotambaa ana njia mbili. Ya kwanza ni kuuzungushia kizuizi cha plastiki nzito kilichozama sentimita 60 hadi 75 ardhini. Nailoni nyepesi haifai, kwani hutobolewa. Kizuizi kiinamie nje kidogo kwa juu, ili shina likikigonga lipande badala ya kuzama, na ukingo wake ubaki sentimita 5 juu ya udongo, shina linaloruka lionekane na kukatwa. Njia ya pili haina gharama ila jasho: kuchimba mtaro wenye kina cha sentimita 40 hivi kuzunguka kichaka, na kuukagua mara kwa mara, hasa wakati wa mvua, ukikata kila shina linalojitokeza ndani yake.

Sisi tulichagua mtaro. Kwanza, kwa idhini ya mama, tuliingia kwake na sururu, tukayafuata mashina yote hadi ncha zake. Vipande vyake hatukuvitupa bondeni, maana kipande chenye jicho huota tena. Tulivikausha juani, kisha tukavichoma. Wapo waliotushauri kumwaga oili chafu. Tulikataa, kwa sababu kisima kiko hatua chache tu kutoka pale. Machipukizi yaliyobaki tuliyakata kila yalipochomoza, na baada ya misimu miwili ya mvua yakaishiwa nguvu.

Jambo jingine kwa wenye watoto: mwanzi ukatwe karibu kabisa juu ya fundo. Kisiki kilichoachwa na pingili wazi hukusanya maji ya mvua, na humo mbu huzaliana.

Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nisaa, imewataja majirani pamoja na wazazi na jamaa katika amri ya kutenda wema. Tulikuwa tukiifahamu aya hiyo, lakini hatukupata kufikiri kwamba mche wa bustani nao unaweza kuingia katika hesabu yake. Laiti tungemtaka mama shauri kabla ya kuchimba shimo la kwanza, tungekuwa tumemwepushia taabu, nasi tungekuwa tumejiepushia aibu.

Alhamdulillahi, udugu haukuvunjika. Njia ya kisimani tumeipanga upya, tofali kwa tofali. Kila inapokaribia masika tunaukagua mpaka pamoja naye, na mianzi iliyokomaa, yenye miaka mitatu na zaidi, tunamkatia fito. Leo maharage yake ya kutambaa yamepanda juu ya mianzi ile ile iliyomwingilia bila hodi.