Je, Wajua? Kijiti cha Kujipima Kinachoweza Kuzuia Saratani ya Mlango wa Kizazi

Je, wajua kwamba mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe sampuli ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, akiwa nyumbani kwake, bila daktari wala muuguzi? Kifaa chenyewe hakitishi. Ni kijiti cha plastiki chenye nyuzi laini au brashi ndogo kwenye ncha. Mwanamke hunawa mikono, huchuchumaa au huinua mguu mmoja juu ya kiti, hukiingiza ukeni taratibu, hukizungusha mara kadhaa, kisha hukitia kwenye kichupa chake na kufunga kifuniko. Shughuli yote ni ya dakika chache. Shirika la Afya Duniani liliikubali njia hii mwaka 2019, na mwaka 2021 likapendekeza kipimo cha virusi vya HPV kitangulie vipimo vingine vyote, sampuli iwe imechukuliwa na mhudumu au na mwanamke mwenyewe. Sasa kuna swali la ufundi: pakiti ya kijiti hicho iundwe vipi ili imfae mama wa Lucky Summer, wadi ya eneo bunge la Ruaraka jijini Nairobi inayopakana na Korogocho na Baba Dogo? Jibu la makala hii ni kwamba pakiti nzuri hupangwa kuanzia mwisho, yaani kwenye tiba, ndipo mpangaji arudi nyuma hadi kwenye kijiti.

Tuanze na sayansi yake. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Ugunduzi huo ulimpa Mjerumani Harald zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, huchangia takriban asilimia 70 ya saratani hizi duniani. Kipimo cha Pap huhitaji seli zilizokwanguliwa penye mlango wa kizazi wenyewe, na kile cha kupaka siki, kilichoenea katika vituo vyetu vya afya, huhitaji jicho la mhudumu lione mahali palipogeuka peupe. Ndiyo maana vipimo hivyo huja na kitanda, taa na kile chombo cha kupanulia uke ambacho wanawake wengi hukiogopa. HPV haihitaji kuonwa. Seli zenye virusi hubanduka na kushuka ukeni, na mashine ya maabara huizidisha DNA ya virusi hata ikiwa kidogo mno. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vipimo vinavyoizidisha DNA kwa njia hiyo hugundua seli hatari kwa usahihi unaokaribiana, sampuli iwe ya daktari au ya mwanamke mwenyewe.

Haja ya njia hii Kenya ni kubwa. Saratani hii huua zaidi ya wanawake 3,000 nchini kila mwaka, ilhali utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba ni takriban asilimia 16 tu ya wanawake wa miaka 30 hadi 49 waliokuwa wamewahi kuchunguzwa. Tazama kilichotokea Kisenyi, mtaa wa kipato cha chini jijini Kampala ambao maisha yake hayako mbali na ya Eastlands ya Nairobi. Wanawake 500 waligawanywa makundi mawili. Waliopelekewa vijiti mtaani walipimwa karibu wote, na walioalikwa kliniki kwa kipimo cha siki hawakufika nusu. Hapa Kenya, huko Migori nako, vijiti vilipopelekwa kwenye kambi za afya karibu na makazi, takriban asilimia 60 ya wanawake waliolengwa walipimwa. Mahali walipotakiwa wavifuate vijiti hivyo hivyo vituoni, hawakufika asilimia 40. Umbali, foleni na siku ya kibarua inayopotea vina uzito kuliko tunavyodhani.

Kwa hiyo pakiti ya Lucky Summer iheshimu mazingira yake. Katika ploti ambako wapangaji hutumia choo kimoja, maelezo yawe ya picha, machache, yanayoeleweka kwa haraka. Kijiti kihifadhiwe kikavu: baadhi ya vimiminika vya kuhifadhia sampuli vina methanoli, ambayo ni sumu na hushika moto, na chumba wanamocheza watoto karibu na jiko si mahali pake. Mfuko wa nje usiwe na maandishi ya kumtangaza mwenyewe kwa majirani, na kichupa kibandikwe namba badala ya jina. Ujumbe wa simu useme tu kwamba jibu liko tayari, maana simu ya nyumbani mara nyingi husomwa na zaidi ya mtu mmoja. Wasambazaji tayari wapo: wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliokabidhiwa vifaa na serikali Septemba 2023, na maduka ya dawa, ambako Wakenya wamezoea kununua vipimo vya kujipima Ukimwi.

Wapo watakaopinga kwamba mwanamke asiyefunzwa atakosea. Ushahidi uliotajwa unawajibu, na sampuli isiyofaa hurudiwa. Wengine watasema jibu la kupatikana na HPV litavunja ndoa. Hofu hiyo ina msingi, basi maelezo ya pakiti yaseme wazi kwamba virusi hivi vinaweza kukaa kimya kwa miaka, na kipimo hakisemi viliingia lini wala vilitoka kwa nani. Yaseme pia kwamba kuwa na HPV si kuwa na saratani: maambukizi mengi huondolewa na mwili ndani ya miaka miwili, na saratani kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukua. Ndiyo sababu uchunguzi huanza miaka 30, isipokuwa kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao hatari yao ni takriban mara sita ya wengine na huanza miaka 25.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la tiba, na hapa watetezi wa kijiti hawana budi kuwa wakweli. Kule kule Migori, wengi wa waliokutwa na virusi hawakufika kutibiwa, hata pale upimaji ulipofana. Kumwambia mtu ana hatari kisha kumwacha njiani ni kumwongezea mzigo. Lakini hilo linatufunza namna ya kuupanga mradi, wala si sababu ya kuuacha. Kifaa cha kuchoma seli hatari kwa joto la takriban nyuzi 100 hushikwa mkononi, hutumia betri na humaliza kazi kwa chini ya dakika moja kila mguso. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kukitumia katika kituo cha afya cha mtaa, na wenye vidonda vikubwa wakapewa rufaa. Pakiti isigawiwe kabla kituo hicho, muuguzi huyo na siku za matibabu havijajulikana, na mradi upimwe kwa idadi ya waliotibiwa, si ya vijiti vilivyogawanywa.

Msomaji, kama umefika miaka 30, uliza kituo chako cha afya kuhusu kipimo cha HPV. Ukiona damu nje ya hedhi au baada ya tendo la ndoa, usisubiri kijiti chochote: nenda hospitali. Na binti wa miaka 10 apelekwe kupata chanjo ya HPV, ambayo Kenya ilianza kuitoa Oktoba 2019.