Colt Python na Combat Magnum: Bastola sahihi si lazima iwe ndiyo imara

Na Mwandishi Wetu

Chombo cha dola kinapochagua silaha ya askari wake, maswali mawili hutangulia mengine yote: je, silaha hiyo hupiga pale inapolengwa, na je, itaendelea kufanya hivyo kwa muda gani? Mara nyingi maswali hayo huulizwa kwa pamoja, kana kwamba jibu la la kwanza ni jibu la la pili. Historia ya bastola mbili za Marekani, zilizoanza kutengenezwa mwaka mmoja wa 1955 kwa ajili ya risasi ya aina moja, inaonesha kuwa sivyo. Ubora ulioipa mojawapo sifa ya usahihi ndio uliokuwa chanzo cha kuchakaa kwake, na wepesi ulioifanya nyingine ipendwe na askari wa doria ndio uliokuwa chanzo cha udhaifu wake.

Bastola hizo ni Python ya kampuni ya Colt, ambayo wakati huo ilikuwa Hartford katika jimbo la Connecticut, na Combat Magnum ya kampuni ya Smith & Wesson, ambayo wakati huo makao yake yalikuwa Springfield katika jimbo jirani la Massachusetts. Mwaka 1957 Combat Magnum ilipewa jina la Model 19, nalo ndilo linalojulikana zaidi hadi leo. Zote mbili ni rivolva, yaani bastola ambayo risasi zake sita hukaa katika vyumba vya silinda iliyo nyuma ya mtutu. Kila kifyatulio kinapovutwa, silinda huzunguka hatua moja ili chumba kinachofuata kikae sawasawa na mtutu kabla ya nyundo kuangukia risasi.

Risasi moja, mahitaji mawili

Risasi inayohusika, .357 Magnum, ilizinduliwa mwaka 1935. Ilitokana na risasi ya .38 Special iliyokuwa ikitumiwa na polisi wengi wa Marekani, ila ganda lake lilirefushwa kwa takriban milimita 3 ili isiingie katika bastola za zamani zisizoweza kuhimili nguvu yake. Tahadhari hiyo ilikuwa ya lazima. Kwa viwango vya sasa vya watengenezaji wa risasi wa Marekani, kikomo cha mgandamizo wa .38 Special ya kawaida ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, ilhali cha .357 Magnum ni pauni 35,000, yaani zaidi ya mara mbili. Kwa upande mwingine, bastola iliyotengenezwa kwa .357 Magnum hufyatua .38 Special bila tatizo, na jambo hilo lina uzito katika maelezo yanayofuata.

Bastola za kwanza za risasi hiyo zilikuwa kubwa na nzito. Zilihimili mgandamizo vizuri, lakini zilimchosha askari aliyezivaa kiunoni tangu asubuhi hadi jioni. Bill Jordan, aliyekuwa afisa wa Doria ya Mipaka ya Marekani na mlenga shabaha mashuhuri, aliishauri Smith & Wesson itengeneze bastola ya umbo la wastani inayoweza kubeba risasi hiyo kali. Matokeo yake yalikuwa Combat Magnum, ambayo ikiwa na mtutu wa inchi 4 ina uzito wa takriban kilo 1. Ilikuwa bastola ya kuvaliwa sana na kufyatuliwa kwa kiasi.

Colt ilishika njia nyingine. Python ilikusudiwa kuwa bastola ya hadhi ya juu, yenye mtutu mzito, umaliziaji wa rangi ya buluu iliyokolea, na sehemu za ndani zilizorekebishwa kwa mkono na mafundi stadi hadi zikakaa barabara. Bei yake ililingana na kazi hiyo. Hata hivyo nayo iliingia katika utumishi wa polisi, na Doria ya Jimbo la Colorado ni miongoni mwa vyombo vilivyowapa askari wake bastola hiyo.

Usahihi unatoka wapi

Usahihi wa rivolva hutegemea zaidi ya yote jinsi chumba cha silinda kinavyokaa sambamba na mtutu wakati risasi inapotoka. Hapo ndipo Python ilipojipatia sifa. Ndani yake mna kipande kidogo cha chuma kinachoisukuma silinda ili izunguke. Kifyatulio kinapofika mwisho, kipande hicho hakiachii, bali huendelea kuikandamiza silinda dhidi ya kizuizi chake. Silinda hubaki imebanwa pande zote, isiweze kuchezacheza hata kidogo. Model 19 huiachia silinda nafasi ndogo mno ya kucheza, na risasi yenyewe hujiweka sawa inapoingia katika mdomo wa nyuma wa mtutu.

Zipo tofauti nyingine. Michirizi ya ndani ya mtutu, ambayo huizungusha risasi ili isiyumbe hewani, hukamilisha mzunguko mmoja katika inchi 14 kwenye Python, na katika inchi 18.75 kwenye Model 19. Uzito ulioongezwa chini ya mtutu wa Python nao hupunguza kuruka kwa mkono baada ya kila risasi, hivyo mpigaji hurejea kwenye shabaha mapema zaidi.

Hata hivyo, ni vyema kutofautisha usahihi wa chombo na usahihi wa mwenye chombo. Bastola inapofungwa kwenye mtambo wa kuishikilia, tofauti ndogo kati ya mitutu huonekana wazi kwenye karatasi ya shabaha. Ikiwa mikononi mwa askari aliyesimama mita chache kutoka kwa mtu mwenye silaha, huku moyo ukimwenda mbio, tofauti hiyo humezwa na mtetemo wa mikono na haraka ya kuvuta kifyatulio. Katika hali hiyo, ulaini na uthabiti wa kifyatulio huwa na maana kubwa kuliko michirizi ya mtutu. Kifyatulio cha Python kilisifiwa kwa ulaini, ingawa wapigaji wengi huhisi kikiongezeka uzito kuelekea mwisho. Cha Model 19 huwa na uzito unaolingana zaidi tangu mwanzo hadi mwisho, na wako askari waliokipendelea kwa sababu hiyo.

Mahali kila moja inapochakaa

Kuhusu uimara, kila bastola ina mahali pake pa udhaifu, na mahali hapo hupatikana kwa kufuata sifa yake kuu.

Kwa Python, ni kile kipande kinachoibana silinda. Kwa kuwa hubeba mzigo kila risasi inapofyatuliwa, hulika polepole. Kikishalika vya kutosha, silinda huchelewa kufika mahali pake, hasa mpigaji anapoivuta nyundo taratibu kwa kidole gumba. Hali hiyo ikiachwa bila kurekebishwa, risasi huanza kugonga ukingo wa mtutu, hunyolewa kidogo, na vipande vya risasi huweza kuruka pembeni na kumdhuru aliye karibu. Kasoro hii huja taratibu na hurekebishika, lakini humhitaji fundi aliyefundishwa kazi ya Colt, na mafundi wa aina hiyo hawakuwa wengi hata enzi hizo.

Kwa Model 19, ni mdomo wa nyuma wa mtutu. Ili kuibana risasi kubwa ndani ya umbo la wastani, upande wa chini wa mdomo huo ulichongwa bapa kupisha mkono wa chuma unaoishikilia silinda. Hapo ndipo chuma kilipo chembamba zaidi. Risasi nzito za zamani hazikuleta shida kubwa. Zilipokuja risasi nyepesi za .357, hasa zile za uzito wa takriban gramu 8 zenye mwendo mkali, gesi ya moto na chembe za baruti zilikishambulia chuma hicho kwa nguvu zaidi, na baadhi ya mitutu ikapasuka. Ufa wa namna hiyo haunyooshwi wala kuzibwa. Dawa yake ni mtutu mpya.

Mafunzo yalivyobadili hesabu

Kwa muda mrefu udhaifu wa Model 19 haukujitokeza, kwa sababu polisi wengi walifanya mazoezi kwa risasi za .38 Special, zilizo rahisi kwa bei na laini mkononi, na kuzitia .357 wanapoingia kazini. Bastola ilidumu, lakini askari alijifunza kwa risasi moja na kwenda kuyatetea maisha yake kwa nyingine, yenye mshindo, mwako na msukumo asiouzoea.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1970, askari wanne wa doria ya barabara kuu ya California waliuawa na watu wawili wenye silaha katika eneo la Newhall. Mkasa huo ulichochea mjadala mpana kuhusu mafunzo ya polisi nchini Marekani, likiwamo suala la mazoezi kufanana na hali halisi ya kazini. Katika miaka iliyofuata, kanuni ya kufanya mazoezi kwa risasi ile ile anayobeba askari ilizidi kukubalika.

Kanuni hiyo ilikuwa sahihi kwa upande wa usalama wa askari, lakini ilibadili hesabu ya uimara. Bastola iliyobuniwa kuvaliwa sana na kufyatua magnum mara chache sasa ilitakiwa kufyatua magnum katika kila zoezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Smith & Wesson ilijibu kwa kuleta umbo jipya, kubwa kidogo, lenye mdomo wa mtutu mnene zaidi na mpini wa ukubwa ule ule uliozoeleka. Model 586 na 686 ni matunda ya uamuzi huo. Kufikia miaka ya 1990, polisi wengi wa Marekani walikuwa wakihamia kwenye bastola zinazojipakia zenyewe.

Mambo ya kukaguliwa

Kwa anayesimamia ghala la silaha, au mmiliki halali anayepima bastola mojawapo ya zama hizo, ukaguzi wa msingi hauhitaji mitambo. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha vyumba vyote sita ni vitupu. Kisha nyundo ivutwe polepole sana kwa kila chumba, na silinda isikilizwe: iwe imefungika kabla nyundo haijasimama. Mdomo wa nyuma wa mtutu usafishwe na kuangaliwa kwa taa, hasa upande wa chini. Mwanya kati ya silinda na mtutu upimwe kwa vipimo vya bati jembamba. Kwa kawaida milimita 0.15 hivi ni kiasi cha kuridhisha. Bastola ikishindwa jaribio lolote kati ya hayo, isifyatuliwe hadi fundi aliyeidhinishwa aikague.

Uamuzi

Ikiwa kigezo ni usahihi pekee, na fundi stadi yupo, Python ya zamani inastahili sifa yake. Ikiwa bastola itavaliwa kila siku na kulishwa .38 Special mara nyingi na .357 mara chache, Model 19 ni chaguo la busara na hudumu miaka mingi. Ikiwa itafyatua .357 nyepesi na kali kila wiki, jibu la uaminifu ni kwamba umbo kubwa zaidi linafaa kuliko zote mbili. Matoleo mapya, Model 19 iliyorejea mwaka 2018 na Python iliyorejea mwaka 2020 ikiwa na mfumo wa ndani uliobuniwa upya, hayana budi kupimwa kwa sifa zake yenyewe.

Kwa wanaonunua kwa fedha za umma, funzo ni kwamba bei ya silaha haiishii kwenye ankara ya kwanza. Gharama ya fundi, ya vipuri na ya risasi za mazoezi vinapaswa kuwekwa mezani kabla ya zabuni kutangazwa. Tena, aina ya risasi watakayofanyia mazoezi askari iamuliwe kwanza, na silaha ichaguliwe baadaye. Mpangilio huo ukigeuzwa, kasoro itakuja kugunduliwa na askari, huenda akiwa kazini.