Mfuko wa Lita Kumi na Sita

Wanangu, hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina unga mweupe, mapipa ya maji yenye bomba, na daktari mmoja aliyekuwa na wagonjwa wengi kuliko dawa. Ni kisa cha kweli. Sogeeni, na mwenye kalamu na karatasi aviweke karibu, maana mbele ya safari tutachora jedwali.

Mwaka ni 1971. Nchi tunayoiita leo Bangladesh ilikuwa ingali Pakistan Mashariki, na vita vilikuwa vimepamba moto. Watu kwa mamilioni walivuka mpaka kuingia India. Katika mji wa Bangaon, karibu na mpaka huo, kambi zilifurika, maji safi yakawa haba, na kipindupindu kikaingia.

Mgonjwa wa kipindupindu huharisha maji mengi mno, na chumvi za mwili hutoka pamoja na maji hayo. Asiporudishiwa upesi anaweza kufa ndani ya saa chache. Tiba iliyotegemewa wakati huo ilikuwa dripu. Lakini dripu zilikuwa zinaisha, na wagonjwa walikuwa wamelala hadi sakafuni. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua: kama hatuwezi kuwatia maji kwa mshipa, basi wayanywe.

Wanywe nini? Maji matupu hayatoshi. Watafiti walikwisha kugundua kwamba utumbo hufyonza chumvi vizuri zaidi ikiandamana na glukosi, ambayo ni aina ya sukari, kisha maji hufuata nyuma yake. Kwa hiyo, kwa kila lita 1 ya maji, Mahalanabis na wenzake waliweka glukosi gramu 22, chumvi ya mezani gramu 3.5 na soda ya kuokea gramu 2.5. Tukiandika 22 : 3.5 : 2.5, tumeandika uwiano. Uwiano hutuambia kiasi cha kitu kimoja kikilinganishwa na kiasi cha kingine.

Kambi nzima hainyweshwi kwa lita moja moja. Huko Kolkata, wakati huo ikiitwa Calcutta, mafundi wa maabara walipima unga na kuufunga katika mifuko ya plastiki. Mingine ilikuwa ya lita 4, mingine ya lita 16. Mifuko ikapelekwa Bangaon, ikachanganywa na maji ndani ya mapipa, na ndugu za wagonjwa wakawa wanafungua bomba, wanajaza kikombe, wanamnywesha mtu wao.

Haya, chukueni mfuko wa lita 16. Ndani yake mna gramu ngapi za kila kitu?

Namwona mmoja ameshanyoosha mkono. Anasema: "Kutoka lita 1 hadi lita 16 tumeongeza 15. Basi tuongeze 15 kila mahali." Glukosi itakuwa 22 + 15, yaani 37. Chumvi itakuwa 3.5 + 15, yaani 18.5. Inaonekana haki bin haki, kila kimoja kimepata nyongeza ileile.

Tumjaribu. Katika lita 1, glukosi ilikuwa zaidi ya mara 6 ya chumvi. Katika mfuko wake, glukosi 37 ni mara 2 tu ya chumvi 18.5. Chumvi imeikaribia sukari, na ule mwandamano uliofanya utumbo ufyonze maji umevurugika. Tena gawanya 37 kwa lita 16: kila lita imepata glukosi gramu 2 na ushei, badala ya 22. Mgonjwa atakunywa pipa zima na asipate alichokusudiwa.

Kosa liko wapi? Lita 16 ni lita moja iliyorudiwa mara 16. Kila lita inadai gramu zake 22 za glukosi, na gramu zake 3.5 za chumvi. Kwa hiyo tunazidisha, na tunazidisha kila kitu kwa namba ileile. Sasa chora jedwali la uwiano. Anza na safu ya lita 1, kisha zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, uende hivyohivyo:

| Maji (lita) | 1 | 2 | 4 | 8 | 16 |
|---|---|---|---|---|---|
| Glukosi (gramu) | 22 | 44 | 88 | 176 | 352 |
| Chumvi (gramu) | 3.5 | 7 | 14 | 28 | 56 |
| Soda (gramu) | 2.5 | 5 | 10 | 20 | 40 |

Mfuko wa lita 16 basi una glukosi gramu 352, chumvi gramu 56 na soda gramu 40. Na ule wa lita 4 umejitokeza wenyewe njiani.

Tazama safu ya lita 2: 44 : 7 : 5. Namba za desimali zimetoweka. Je, huu ni uwiano mwingine? La, ni uleule wa 22 : 3.5 : 2.5. Safu zote tano zina namba tofauti, lakini ukionja kijiko kutoka pipa lolote, ladha ni moja. Uwiano wa namna hii huitwa uwiano sawa. Ukitaka kuhakiki safu yoyote, irudishe kwenye lita 1: 352 gawanya kwa 16 ni 22, na 56 gawanya kwa 16 ni 3.5. Isiporudi pale ilipoanzia, kuna mahali umeteleza.

Sasa mtego. Pipa letu ni la lita 10, na 10 haimo kwenye jedwali. Tufanyeje? Chukua safu ya lita 8, uiunganishe na safu ya lita 2. Glukosi 176 + 44 ni 220. Chumvi 28 + 7 ni 35. Soda 20 + 5 ni 25. Hakiki: 220 gawanya kwa 10 ni 22. Sawasawa!

"Mbona umejumlisha, na ulitukataza?" Swali zuri. Nilichokataa ni kuongeza namba moja ileile kwa glukosi, chumvi na soda. Hapa nimeunganisha safu mbili nzima, na kila safu imekuja na vipimo vyake kamili. Ukimimina ndoo ya lita 2 iliyochanganywa vizuri ndani ya pipa la lita 8 lililochanganywa vizuri, hakuna kinachoharibika. Unaweza pia kupata lita 5: gawanya kila kitu katika safu ya lita 10 kwa 2.

Turudi Bangaon. Hapo mwanzo, katika kila wagonjwa 100, karibu 30 walikuwa wanakufa. Kwa waliotibiwa kwa maji yale, vifo vilishuka hadi 3.6 kwa 100. Vifo 3.6 havisomeki vizuri, kwa sababu hakuna sehemu ya mtu. Zidisha kwa 10: ni watu 36 katika 1,000, badala ya watu 300 katika 1,000. Uwiano sawa umetupa namba za watu kamili, na kwa kuwa pande zote mbili sasa zinahesabiwa kwa 1,000, tunaweza kuzilinganisha bila kudanganyika.

Baada ya vita, ujuzi huo ulihitaji kufika majumbani, ambako hakukuwa na mizani ya gramu. Kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba vijijini Bangladesh, wakafika nyumba zipatazo milioni 12. Waliwafundisha akina mama kuchanganya konzi moja ya sukari guru na chumvi iliyoshikwa kwa ncha za vidole vitatu, ndani ya maji yapatayo nusu lita. Baadaye wakaguzi walipita kuwapima akina mama kama wanakumbuka, na malipo ya mwalimu yalitegemea walichokumbuka wanafunzi wake.

Siku hizi zahanati na maduka ya dawa yana pakiti za ORS, yaani unga wa sukari na chumvi wa kuchanganya na maji, na unga wake umeboreshwa tangu siku za Bangaon. Soma kwanza pakiti yako ni ya maji kiasi gani, kisha weka kiasi hichohicho. Pakiti ikikosekana, mtu mzima anaweza kutumia kipimo cha nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu.

Sasa kazi ni yenu. Kwanza, chupa ya lita 1 na nusu inataka sukari vijiko vingapi, na chumvi kiasi gani? Pili, dada mmoja ameandaa lita 2 kwa vijiko 8 vya sukari na kijiko 1 cha chumvi. Je, ni uwiano sawa na wa kipimo chetu? Kama si sawa, asiondoe kitu, maana kilichokwisha korogwa hakitoki. Aongeze nini, na kiasi gani? Chora jedwali kabla ya kujibu.