Je, Wajua? Treni ya Kutosha Mezani

Mkazi wa kisiwa cha Goziba, Muleba, haoni reli wala kusikia honi ya treni: Mkoa wa Kagera hauna njia ya reli. Hata hivyo, Ziwa Victoria linalokizunguka kisiwa hicho hupitisha mabehewa. MV Umoja, meli ya miaka ya 1960, ina reli sitahani na huvusha mabehewa ya mizigo kati ya Mwanza na Port Bell, Uganda.

Je, wajua kwamba wapo mafundi wanaounda mifano ya treni kwa udogo wa kuwekwa mezani?

• Kipimo maarufu ni 1 kwa 87. Reli yetu ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000, huwakilishwa na njia ya milimita 12. Ile ya kisasa (SGR), yenye milimita 1,435, huwa milimita 16.5.

• Injini za mvuke za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki zilikuwa 34, zote zikiitwa kwa majina ya milima. Kila moja ilizidi mita 31. Mfano wake kwa kipimo hicho ni takribani sentimita 36.

• Rangi ya injini hizo ilikuwa damu ya mzee.

• Baadaye zilibadilishiwa bomba la moshi, likawa bapa. Hivyo bomba la duara na lile bapa ni ya miaka tofauti.

Ukitaka kuunda mfano wako, chagua mwaka kwanza, kisha tafuta picha za mwaka huo.