Batri ni ghala: umeme wa jua kwenye visiwa vyetu

Ndugu wanachama, hasa ninyi wa Idjwi na visiwa vidogo vya ziwa Kivu: nguzo za umeme hazivuki maji kirahisi. Mazutu nayo inakuja kwa mtumbwi, na kila mkono inamopitia bei inapanda. Ndiyo maana kooperative nyingi zinafikiria kununua sahani za jua. Ni vizuri. Lakini sahani ni nusu ya kazi. Jua linazama jioni, na usiku ndipo tunataka taa. Batri ndiyo ghala la umeme, na ghala lisilo na msimamizi sote tunajua linavyoisha.

Tuangalie Eigg, kisiwa cha Uskoti chenye watu wapatao 100. Mwaka 2008 wakaaji waliwasha umeme wao wenyewe: wa maji ya mito, upepo na jua, pamoja na batri kubwa, na jenereta za mazutu kwa siku mbaya. Sisi hatukuvutiwa sana na mitambo, maana ile ni ya bei kubwa. Tulivutiwa na sheria yao. Nyumba moja haivuti zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja, na biashara kilowati 10. Mwenye pesa na asiye nazo, wote sawa. Umeme ukizidi, ile ziada inapasha joto majengo ya wote.

Sheria ya namna hiyo inafaa hata kwa batri moja. Tuseme kooperative iko na batri ya risasi iliyoandikwa 12 V, 200 Ah. Zidisha 12 kwa 200: wati-saa 2400. Lakini batri ya risasi haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo za kutumia kwa usiku ni 1200 tu. Taa 10 za wati 6 kwa saa 5 zinakula 300. Simu 30, karibu 300. Friji ndogo ya chanjo za mifugo, tuseme 400. Jumla ni 1000, tuko salama. Sasa mtu mmoja achomeke pasi ya wati 1000 kwa nusu saa: 500 nyingine, na tumepita mpaka. Usiku mmoja hauui batri. Ikiwa hivyo kila siku, itakufa mapema, pengine kabla hamjamaliza kulipa deni lake.

Dawa yake haina gharama: simu zichajiwe mchana jua likiwa kali, na pasi pia ingoje mchana. Mashine ya kusaga ni habari nyingine. Mota yake inavuta nguvu nyingi sana inapoanza, batri moja haiiwezi kabisa.

Batri za lithiamu zinakubali kushuka zaidi ya nusu na zinadumu zaidi, ila kuzinunua ni ghali. Ya aina yoyote ile, siku moja itachoka. Pesa za kuchaji simu za watu zisigawanywe zote, sehemu iwekwe kila mwezi kwa batri ijayo, na iandikwe kwenye daftari ambalo kila mwanachama anaweza kulifungua.

Na zile batri za risasi zenye vifuniko vya kufungua, ziongezwe maji safi yanayouzwa kwa kazi hiyo. Maji ya ziwa hapana: yana chumvichumvi, zinaharibu batri ndani.