Fahamu: Kwa nini viungo watatu waliibeba Morocco Qatar 2022

Kocha wa klabu hukaa na wachezaji wake mwaka mzima. Wa timu ya taifa huwapata kwa siku chache tu, kwa hiyo mfumo mgumu humgharimu haraka.

Walid Regragui alikabidhiwa Morocco Agosti 2022, miezi mitatu kabla ya Kombe la Dunia. Alichagua 4-3-3 isiyo na mbwembwe. Sofyan Amrabat alisimama mbele ya mabeki kama kiungo mkabaji. Azzedine Ounahi na Selim Amallah walicheza mbele yake, wakipanda na kushuka. Timu ilipopoteza mpira, mawinga walirudi na kukaa sambamba na hao wawili. Hispania walipiga pasi kwa dakika 120 bila kupata bao, wakatolewa kwa penalti. Ureno nao wakalala 1-0. Hadi hapo nyavu za Morocco zilikuwa zimetikiswa mara moja tu, tena kwa bao la kujifunga.

Nusu fainali dhidi ya Ufaransa, Regragui akaweka mabeki watatu wa kati. Katikati wakabaki Amrabat na Ounahi pekee. Theo Hernández wa Ufaransa akafunga dakika ya 5. Dakika ya 21 nahodha Romain Saïss, aliyekuwa na jeraha, akatoka, Amallah akaingia, na Morocco wakarudi kwenye viungo watatu. Wakacheza vizuri mno, ila walifungwa 2-0.

Kwa maoni yangu, Amallah alipaswa kuanza.